Shi'ra Juu ya Kiserian: Nyota Isiyohitaji Kusafishwa

Mpwani anayepanda matatu kutoka Nairobi kwa njia ya Magadi, akapita Ongata Rongai na kuteremka Kiserian, atalikuta jina la kwao limemtangulia kufika. Limepigiliwa misumari juu ya nguzo za stima, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya vipande vya bati, limebandikwa kwenye ukuta wa choo cha stendi: mganga kutoka Pwani, sheikh kutoka Lamu, daktari wa Tanga, daktari wa Pemba. Chini yake zimepangwa kazi azifanyazo: kurudisha mpenzi aliyetoroka, kuvuta wateja dukani, kumnasa mwizi, kushinda kesi. Na katikati ya kazi hizo, kwa herufi zilizo nene kuliko zote, kusafisha nyota. Kisha nambari ya simu.

Dada mmoja wa kwetu, mzaliwa wa upande wa Matuga, anauza mahamri na viazi karai si mbali na hapo. Alinitambua kwa kofia kabla mimi sijamtambua kwa lafudhi. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, akanieleza kisa chake. Biashara yake ilipolegea alipiga ile nambari ya kwenye nguzo. Aliyeipokea alisema Kiswahili cha bara huku akijitahidi kukitia chumvi ya pwani. Akamwuliza mambo mawili tu: jina lako nani, na mama yako nani. Haikupita robo saa akapigiwa yeye, akaambiwa kwamba nyota yake imefunikwa na kijicho cha jirani, na gharama ya kuifunua ni shilingi 6,000, zitumwe kwa simu. Alituma 3,000, nazo ndizo zilizokuwa za unga na mafuta ya wiki nzima.

"Sasa baba," akaniuliza, "hiyo nyota yangu ni ipi katika zile? Maana nimeinua shingo hata ikaniuma, nisiione."

Swali hili halifai kujibiwa kwa kicheko. Ni swali la mtu mwenye akili timamu, na nadhani limewapita wengi wetu tuliosoma. Tunayo maneno mengi ya nyota katika lugha yetu: fulani ana nyota, fulani nyota yake imefifia, binti yule ana nyota ya kupendwa. Lakini ni wangapi katika sisi wawezao kutoka uani usiku wakaonyesha kwa kidole nyota moja tu na kuitaja kwa jina lake?

Basi tuanze na moja. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imekaza, mbingu safi haina wingu. Saa mbili usiku, mwenye kusimama Kiserian akaupa mgongo Mlima Ngong na kuelekeza uso upande wa Kitengela, kidogo kwa kusini, angeiona imekwisha panda juu: nyeupe, kali, yenye kumetameta kama almasi inayogeuzwa mbele ya taa. Nairobi iko karibu, na mwanga wa taa zake umeipaka mbingu ya kaskazini-mashariki rangi ya majivu hata nyota ndogo ndogo hazionekani tena. Hii haikujali. Ndiyo nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Zuhura na Mushtara huweza kuishinda, lakini hizo si nyota, ni sayari zinazoakisi nuru ya jua. Wazungu huiita Sirius. Waarabu waliiita Shi'ra, na kwa jina hilo imetajwa katika Kurani Tukufu.

Nyota ya hesabu

Kabla ya kuiendea Shi'ra, tulimalize kwanza la nguzo ya stima, na tulimalize kwa haki. Tusijifanye kwamba mambo haya yamezuliwa na matapeli wa bara. Yana asili kwetu. Kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari al-Falaki kimekaa katika makasha ya waganga wa vitabu wa Mombasa na Unguja kwa miaka mingi, na wengi wetu tuliokulia chuoni tuliwaona watu wazima wakienda "kutazamiwa."

Njia yenyewe ni hii. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi: alifu ni 1, bee ni 2, na kuendelea hadi 1,000. Mganga huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akajumlisha herufi zake, akapunguza kumi na mbili kumi na mbili mpaka ibaki namba isiyozidi kumi na mbili. Hiyo iliyobaki ndiyo humwonyesha buruji. Tuseme mtu anaitwa Ali na mama yake Maryamu. Ali ni aini 70, lamu 30, yee 10: jumla 110. Maryamu ni mimu 40, ree 200, yee 10, mimu 40: jumla 290. Zote pamoja 400. Ondoa kumi na mbili mara thelathini na tatu, zinabaki 4. Buruji ya kwanza ni Hamali, ya pili Thauri, ya tatu Jauza, ya nne Saratani. Basi Ali bin Maryamu nyota yake ni Saratani, yaani Kaa, na akina Ali wote wa pwani nzima ambao mama zao ni akina Maryamu nyota yao ni hiyo hiyo, awe tajiri wa meli au mchukuzi wa bandarini.

Angalia jambo moja, ndugu msomaji. Katika kazi yote hii hakuna mahali ambapo mtu aliinua kichwa akatazama juu. Hesabu hii yaweza kufanywa mchana, yaweza kufanywa chini ya kitanda, yaweza kufanywa na kipofu. Nyota inayosafishwa ni baki la kugawanya kwa kumi na mbili. Ndiyo maana dada yetu wa Matuga hakuiona. Haiko huko aliko kuwa akiitafuta.

Na la kuchekesha zaidi ni hili: Shi'ra, pamoja na utukufu wake wote, haimo katika buruji kumi na mbili. Kundi lake ni Mbwa Mkubwa, ambalo halimo katika njia ya jua. Hesabu ya abjadi haiwezi kamwe kumwangukia. Hakuna mtu duniani anayeambiwa na mganga kwamba nyota yake ni Shi'ra. Nyota yenye nuru kuliko zote haina mteja hata mmoja.

Zamani ilikuwa na wateja, na zaidi ya wateja.

Mola wa Shi'ra

Katika Bara Arabu, kabla ya Uislamu, Khuzaa walikuwa kabila kubwa, nao ndio waliowahi kuishika Makka kabla ya Makureshi. Wafasiri wanasimulia kwamba alitokea kwao mtu aliyejulikana kwa jina la Abu Kabsha, akaacha masanamu ya watu wake akaiabudu Shi'ra. Hoja yake ilikuwa kwamba nyota nyingine zinaikata mbingu kwa upana, na hii peke yake inaikata kwa urefu. Baadaye Mtume Muhammad (s.a.w.) alipowakataza Makureshi kuabudu masanamu, baadhi yao walimdhihaki kwa kumwita mwana wa Abu Kabsha, kwa maana kwamba naye ni yule yule mwenye kuasi dini ya wazee. Jina hilo la dhihaka limo hata katika ile hadithi mashuhuri ya Abu Sufyani mbele ya Heraklio, mfalme wa Rumi, kama ilivyopokewa na Bukhari.

Sasa msomaji afungue Sura ya 53, Suratu Najmi, iliyoteremka Makka. Akiwa hasomi Kiarabu na afungue tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969. Katika aya ya 49 ataikuta Shi'ra. Haikutajwa kwa kusifiwa nuru yake, wala kwa kuelezwa itamfanyia nini mtu. Imetajwa kwa jambo moja tu: kwamba inaye Mola wake, na Mola huyo ni Yule Yule anayechekesha na kuliza, anayefisha na kuhuisha. Aya zilizotangulia zinayasema hayo, na zinazofuata zinakumbusha kaumu ya Adi na ya Thamudi zilivyoangamizwa. Nyota iliyokuwa ikisujudiwa imewekwa safu moja na sisi, ikawa kiumbe miongoni mwa viumbe. Ajabu ni kwamba sura hiyo hiyo inamalizika kwa aya ya kusujudu, na msomaji akifika hapo hushuka chini kwa ajili ya Mola wa Shi'ra.

Kwangu mimi, hapa ndipo penye jibu la nguzo ya stima. Aliyeiabudu Shi'ra alikosea, lakini angalau aliitazama. Aliona kitu cha kweli, kikubwa, kizuri, akakipandisha cheo kisichokuwa chake. Huyu wa siku hizi hata hilo hakulifanya.

Tena hapana haja ya kuongeza ukali, kwani ukali umekwisha kusemwa na wenyewe. Imepokewa na Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na mwana wa Mtume, Ibrahimu, alipofariki na jua likapatwa siku ile ile, watu wakasema jua limemlilia, Mtume mwenyewe, akiwa katika msiba, aliwakanya: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kama kupatwa kwa jua hakukuwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, nyota gani itasimama kwa ajili ya karai la viazi?

Nuru ya miaka minane

Wataalamu wa falaki wa leo wameijua Shi'ra kwa mambo ambayo Abu Kabsha hakuyaota. Ni moja katika nyota zilizo jirani kabisa na jua letu. Hata hivyo ujirani wa mbinguni si wa ua na ua: nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 hivi, na nuru ya Shi'ra kwa miaka 8 na miezi saba. Mtoto aliyezaliwa siku ile nuru hii ilipoanza safari, leo yuko darasani na amekwisha ng'oka meno ya mbele. Uzito wake ni kama mara mbili ya jua, na nuru yake ni kama mara 25. Jua letu lina joto la nyuzi 5,500 hivi za sentigredi juu ya uso wake. Shi'ra inakaribia nyuzi 10,000. Ndiyo sababu jua ni la rangi ya dhahabu machoni petu na Shi'ra ni nyeupe. Fundi wa chuma anaelewa: chuma hupita kwenye wekundu na umanjano kabla ya kufika kwenye weupe.

Nyota nazo zina umri, utoto na uzee. Wataalamu wanaiweka Shi'ra, kama wanavyoliweka jua, katika kile wanachokiita safu kuu, yaani nyota zilizo katika utu uzima wao, zinazoendelea kuigeuza haidrojeni kuwa heliamu ndani ya matumbo yao, na kwa kazi hiyo zikawaka. Jua limekwisha kuwaka miaka zaidi ya bilioni nne na nusu. Shi'ra haijafika hata miaka milioni 300, na haitaishi sana kama jua, kwa kuwa iliyo nzito hula akiba yake upesi.

Tena haiko peke yake. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel, kwa kupima mwendo wake mwaka hata mwaka, aliona inayumba yumba njiani kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenziwe asiyeonekana. Akasema yuko mwenza. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu darubini mpya, akaielekeza kwa Shi'ra, akamwona: kijinyota dhaifu kilichozama katika mwanga wa mkubwa wake. Kijinyota hicho kina uzito karibu sawa na jua zima, na ukubwa wa kama dunia hii yetu. Wanasema ndicho kilichokuwa kikubwa mwanzo. Kikala akiba yake, kikavimba, kikajivua magamba, kikabaki kiini kikavu. Hivi sasa wanazungukana, mzunguko mmoja kwa miaka 50 na kidogo.

Hapa pana jambo la kuwaonya vijana wetu. Limeenea katika vitabu na kanda dai kwamba muda wa mzunguko huu ni miaka 49.9, na kwamba siri hiyo imefichwa katika Suratu Najmi, kwa kuwa Shi'ra imetajwa katika aya ya 49 na pinde mbili zimetajwa katika aya ya 9. Mimi sipendi mchezo huu. Pinde mbili za aya ya 9 zinahusu ukaribu wakati wa kuteremka wahyi. Hazihusu nyota hata kidogo. Na vipimo vya karibuni vimeutoa muda wa mzunguko kuwa kama miaka 50.1. Sasa aliyeitundika imani yake juu ya 49.9 ataitundika wapi? Yule mganga alijumlisha herufi za majina. Huyu anajumlisha namba za aya. Wote wawili hawakutazama juu.

Dira ya wazee

Wazee wetu walitazama. Si kwa anasa, bali kwa kuwa asiyetazama alizama. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na dira iliyogawanywa sehemu 32, na kila sehemu ikaitwa kwa jina la nyota mahali inapochomoza au inapotua. Mahali pa kuchomoza ni matlai, mahali pa kutua ni maghibu. Kaskazini ni Jahi. Mashariki halisi ni matlai ya Tairi, yaani ile nyota ya Tai Arukaye, ambayo nayo ni nyeupe na iko katika safu kuu kama Shi'ra. Baada yake, kwenda kusini, huja Jauza, kisha Tiri. Tiri ndiyo Shi'ra, kwa jina lililotoka kwa Waajemi. Halafu Ikilili, Akrabu, Himarani, na Suheli, mpaka kufika Kutubu ya kusini.

Bwana mkubwa wa elimu hii ni Ahmad bin Majid, mwenyeji wa Julfar, nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah. Kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya elimu ya bahari alikitimiza karibu na mwaka 1490, na miongoni mwa tungo zake iko inayoeleza njia ya Sofala. Maana nahodha wa zama zile alihifadhi njia kwa shairi, kama mwanafunzi wa chuoni anavyohifadhi tajwidi. Wengi husimulia kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498. Wataalamu waliochunguza hawakubali. Waandishi wa Kireno wenyewe walisema rubani yule alikuwa Mgujarati. Na tumwachie Mgujarati wa watu sifa hiyo, kama ni sifa.

Dira ile imetuachia maneno ambayo twayatumia bila kujua yametoka juu. Matlai kwetu ni mashariki na ni upepo wa alfajiri utokao huko. Suheli ni kusini, na asili yake ni nyota. Na kaskazini tukaiita kibla, kwa sababu ya wazi: Mombasa na Makka karibu ziko katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, hata tofauti haifiki robo ya nyuzi. Msafiri wa Kiserian asisahau hilo akitandika mswala. Akiigeukia kaskazini halisi kama alivyozoea nyumbani atakuwa amekosa kidogo. Aende kulia kama nyuzi saba.

Lakini kaskazini usiku ataijuaje? Jahi, nyota ya kaskazini, haipandi kwetu. Ukiuvuka mstari wa Ikweta kuja kusini huzama chini ya upeo wa macho, na Lamu, Mombasa, Unguja na Kiserian yenyewe ziko kusini ya mstari. Hili ndilo lililokuwa tatizo la kila nahodha aliyeshuka pwani yetu. Kwao Arabuni alipima urefu wa Jahi kwa kamali, kile kibao kidogo chenye uzi wa mafundo ashikao mtu kwa meno, akahesabu ni vidole vingapi imepanda juu ya bahari, akajua yuko wapi. Akifika kwetu kipimo hicho kimemfia mkononi. Ikambidi ategemee nyota nyingine, za kusini na za mashariki, na hapo nyota kali isiyopotea hata mbingu ikiwa na utusitusi ilikuwa ni rafiki mkubwa.

Tena wakati wake ni wakati wa safari. Shi'ra huchomoza magharibi ya jua mwishoni mwa Desemba, kaskazi ikiwa imekwisha shika, na majahazi ya Arabuni yakiteremka kuja kwetu. Nahodha aliyekuwa akishuka na pwani aliiona ikipanda mkono wake wa kushoto kila jioni, kila siku mapema kwa dakika nne kuliko jana. Kadiri alivyokwenda kusini ndivyo ilivyozidi kupita juu ya kichwa chake. Kiserian, ikifika kati ya mbingu, huwa imebakiwa na nyuzi 15 hivi kufika utosini, kwa upande wa kusini. Mombasa hubakiwa na 13. Unguja ni 10 na nusu, Kilwa hazifiki 8. Angoche, mji wa kale wa Waswahili ulioko Msumbiji, hupita karibu utosini kabisa, na ukifika Sofala imekwisha kuhamia upande wa kaskazini. Mwenye kulala chali juu ya sitaha kutoka Lamu hadi Sofala aliisoma pwani nzima kwa nyota moja.

Kilimia na Nkokua

Kiserian ni nchi ya Wamaasai, na jina lake katika Kimaasai lina maana ya amani. Ingekuwa utovu wa adabu kuzungumza habari za mbingu yao bila kuwauliza wenyewe, kwani nao hawakungoja jahazi kuwafundisha. Kile kishada cha nyota tukiitacho Kilimia, wao hukiita Nkokua, na masika, mvua ndefu, wameyapa jina lilo hilo. Kishada hicho kikianza kutua mapema jioni, karibu na Mei, wanajua mvua zinaelekea kwisha. Wakulima wa pwani nao husema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mchungaji na mkulima hawakukutana, na wote wawili wamesoma ukurasa mmoja. Zuhura wao humwita Kileken, na humsimulia kama yatima aliyeshuka kumsaidia mzee kuchunga ng'ombe. Tololwa Mollel, mwandishi Mmaasai wa Arusha, alikitia kisa hicho katika kitabu cha watoto mwaka 1990, kikapendwa mbali na kwao.

Hapa nami nina neno. Mmaasai hauzi Nkokua. Hajapiga bango Mombasa kwamba yeye ni bingwa wa kusafisha Kileken. Sisi ndio tuliokuwa na dira ya nyota yenye sehemu 32, na leo bidhaa ya mbinguni inayosafiri kwa jina letu mpaka Kiserian ni ile ya shilingi 6,000 kwa simu. Vijana wetu wengi wanajua buruji zao kwa kuzisoma gazetini, hawaijui Suheli wakiiona. Masheikh wa falaki wangaliko, wanaotupangia nyakati za sala na kutueleza mwandamo wa mwezi, lakini elimu yao imebakia katika kalenda za ukutani. Madrasa zetu zinafundisha Suratu Najmi kwa sauti nzuri. Sijui ni ngapi zimewahi kuwatoa watoto nje baada ya isha, wakaonyeshwa nyota iliyotajwa ndani yake. Kazi hiyo haitaki darubini wala fedha. Inataka usiku mmoja wa kaskazi na mwalimu asiyeona haya kunyoosha kidole.

Mwenye kutaka kuiona vizuri zaidi na aondoke Kiserian kwa njia ile ile ya Magadi, apite Corner Baridi ambapo bara inakatika na Bonde la Ufa linafunguka, ateremke mpaka Olorgesailie, penye mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale kabla ya miaka laki nyingi. Huko Nairobi imefichwa na mlima na giza ni giza kweli. Februari au Machi, Shi'ra ikiwa juu kati ya mbingu, ageuke kusini kabisa, ashuke chini kwa macho: ile nyingine ing'aayo, ya pili kwa nuru katika mbingu yote, ndiyo Suheli. Kisha arudi juu, atazame kaskazini-mashariki ya Shi'ra, ataona nyeupe nyingine iliyo dhaifu kidogo. Kati yake na Shi'ra umepita mto wa nyota, Majarra, kama moshi mwembamba. Waarabu wa kale wanasema hizo mbili ni ndugu wawili wa kike, wote wakiitwa Shi'ra, na Suheli ni kaka yao. Suheli alikimbilia kusini. Mmoja akauvuka mto kumfuata, ndiyo sababu Shi'ra yetu ikaitwa al-Abur, mvukaji. Mwenziwe hakuweza kuvuka. Akabaki ng'ambo akalia mpaka macho yakaingia ukungu, akaitwa al-Ghumaisa.

Katikati ya Juni Shi'ra hutua mara tu baada ya magharibi, na mwishoni mwa mwezi huo humezwa na jua isionekane kabisa. Itakayeiona tena ya kwanza, mwishoni mwa Julai, ni yule aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akatoka nje kutia udhu, akatazama matlai.